Mwenzako wa sparingi anapiga na nguvu kupita kiasi? Namna ya kufanya, hatua kwa hatua

Maswali juu ya sparingi, ni kusema kupigana ya mazoezi na mwenzako, inarudia ileile kila mara. Kijana wa Ndosho, hapa Goma, anasema kuna mwenzake mu bokse anamupiga ku kichwa kila raundi sawa vile wako ku finale. Dada wa Himbi anauliza kama aache judo juu kuna mwanaume moja anamutupa na kumuangukia na uzito yake yote. Mwengine anauliza kifupi tu: "Nimurudishie ao ninyamaze?" Nimeona heri nipange majibu fasi moja, mutu akiuliza tena nimutumie hii.

Kitu moja ushike tangu mwanzo: uko na haki ya kusimamisha raundi mbele uumie, hauna lazima ya kungojea damu itoke. Watu mingi wanangojea ngumi ya kumi njo wafungue mudomo, na ku ngumi ya kumi kichwa inakuwa imekwisha kutikisika, wote wawili wamekasirika, hakuna mwenye anasikia mwengine. Wakati ya kusema ni ngumi ya kwanza yenye imepita mupaka.

Na tusichanganye mambo. Kuna sparingi ya nguvu yenye mumepatana, mashindano inakaribia, mwalimu iko pembeni anaangalia, vifaa iko, kila mutu anajua kwa nini iko pale. Hiyo iko na fasi yake. Hapa naongea juu ya mutu mwenye mumepatana pole pole kisha anakupiga juu akuangushe, ao mwenye hapatane kitu na mutu, yeye kila siku ni vita.

Vitu ya kuwa navyo mbele ya kuanza

- Kinga ya meno yako mwenyewe. Ile ya kuweka mu maji ya moto kisha unauma ili ishike umbo ya meno yako inatosha. Usiazime ya mwenzako hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja.
- Ganti za sparingi. Kwa mutu mukubwa ni onsi 16. Za onsi 10 ni za mashindano ao za kupiga mufuko, usikubali mutu akuingie nazo ku kichwa. Na huku kwetu ganti moja inapita mu mikono ya watu mingi mupaka sponji yake inakufa, kwa hiyo finya na kidole gumba pale mbele: kama unasikia vifundo vya mukono wa mwenye kuvaa, hiyo ganti imebakia ya mufuko tu, hata kama iliandikwa 16.
- Bandi za mukono, kinga ya muundi kama munapiga mateke, na kinga ya sehemu za siri.
- Kaske, ile kofia ya kukinga kichwa, kama iko. Lakini jua kazi yake: inapunguza kupasuka na kuvimba, ubongo wenyewe unatikisika tu mule ndani. Bokse ya wanaume wa amatere iliondoa kaske tangu 2013, na ku Rio 2016 wanaume walipigana bila hiyo. Kwa hiyo mutu asikuambie "uko na kaske, naweza kuongeza nguvu".
- Mutu wa tatu mwenye anaangalia. Mwalimu, ao mukubwa mwenye mukaba ya juu, ao hata mwenzenu mwenye iko anapumuzika na iko na saa. Sparingi ya watu wawili peke yao nyuma ya mazoezi, mwalimu amekwisha kuenda nyumbani, usiikubali na mutu mwenye haumujue.
- Neno ya kusimamisha. Mu karate ni "yame", mu judo ni "mate", mu bokse kwetu wanasema "stop" ao "simama". Ikuwe moja, na wote muijue.

Hatua

1. Muangalie mbele ya kuingia naye

Kama uko mupya mu klabu, usikimbilie raundi ya kwanza. Kaa pembeni, jifanye unafunga bandi, uangalie. Angalia nani anapiga mutoto wa miaka 15 sawasawa na vile anapiga mukubwa wa kilo 90, nani akiguswa pua anabadilika sura na kuongeza vitesi palepale, nani mwenzake akisema "pole" yeye anaendelea tu. Angalia tena watu wenye wanatoka mu raundi na yeye: wanacheka na kupeana mukono, ao wanaenda kukaa kimya wakishika kichwa? Hiyo inakuambia mingi kuliko rangi ya mukaba yake.

2. Mupatane kwa mudomo, kisha mupatane na mikono

Kusema "pole pole" haitoshe, juu pole pole ya mutu wa kilo 85 si pole pole yako. Taja namba: "Yaya, leo twende 30 ku 100, mi natafuta kufanya kazi ya direkti tu" (direkti ni ngumi ya kunyooka). Kisha fanya kitu kidogo chenye watu wanakidharau na chenye kinasaidia sana: inua ganti yako, umuambie akupige pale mara moja na ile nguvu yenye mumepatana, na weye umupige yake. Kama yake imesukuma mukono yako mupaka ku uso, muambie palepale "hiyo ni 70, shusha". Sasa muko na kipimo moja, kila mutu amekisikia ku mukono yake, hakuna mwenye atasema kisha "sikujua".

Mupatane tena wapi: kichwa ni kugusa tu, tumbo na paja munaweza kuongeza kidogo. Hiyo ni mapatano mazuri kwa mutu wa kuanza. Mu judo na jujitsu mupatane kama munaanza wima ao ku magoti, na kama muko na tofauti kubwa ya kilo uanze ku magoti bila haya.

Mu kuongea, heshima ifanye kazi. Kwa mukubwa wako unasema "mukubwa" ao "yaya", unalomba: "Yaya, naomba unisaidie, bado najifunza." Mutu mwingi wa huku akiombwa hivyo anajiona mwalimu, na mwalimu hapige mwanafunzi wake kumuumiza. Kwa mwenye munalingana, "ndugu yangu" inatosha. Kwa mudogo, usiongee na dharau, juu mudogo mwenye umedharau mbele ya watu njo mwenye atakuingia na kichwa chini.

3. Anza pole weye mwenyewe

Sekunde 30 za kwanza zinapanga raundi yote. Gusa ganti, kisha gusa tu: direkti ndogo ku paji ya uso, teke ndogo ku paja, toka. Mwenzako anasoma mwili yako, kama umeingia na vitesi na mabega magumu, unapumua sawa vile uko unakimbia, yeye anaelewa ni vita hata kama mudomo yako ulisema 30. Watu mingi wenye wanakuya kulalamika, nikiwaangalia naona wao njo wanafungua na ngumi ya haraka juu ya woga, bila kujua. Chunguza hiyo kwanza, bila kujihukumu, ni kitu kinarekebishika mu wiki moja.

4. Ngumi ya kwanza yenye imepita: sema palepale

Usingojee kengele. Rudi hatua moja, inua mukono ya mbele wazi, useme na sauti ya kawaida: "Yaya, shusha kidogo." Basi. Usieleze, usichunguze nani ana kosa. Sauti isipande, juu sauti ya kupanda inasikilika sawa vile unamuita ku vita, na watu wote mu sale wanageuka, sasa yeye anaogopa kupata haya mbele yao.

Mara mingi hiyo inatosha. Nasema kweli, wengi wenye wanapiga na nguvu hawana roho mubaya, wamepanda tu bila kujisikia: umemupiga moja kidogo na nguvu, akarudisha na kidogo zaidi, ukaongeza, akaongeza, mu dakika moja muko 80 na hakuna mwenye aliamua. Neno moja inarudisha wote wawili chini.

5. Akiendelea, mushike bila kumurudishia

Hapa njo kazi yenyewe ya ufundi iko, na hapa njo watu mingi wanakosea wakiwaza kuko njia mbili tu, kupigwa ao kupiga zaidi.

Kwa bokse, karate, kikboksi:

Toka ku mustari yake. Mutu wa hasira anaingia mbio mbele, moja kwa moja. Ukirudi nyuma moja kwa moja unamupa fasi ya kuongeza ngumi mupaka ukuta ikushike ku mugongo. Enda pembeni, ku upande wa inje ya muguu yake ya mbele, hatua ndogo, kisha zunguka. Atapiga hewa, na kupiga hewa inachokesha kuliko kupiga mutu.

Direkti ndefu ya kushoto ikae mu uso yake, ya kumuzuia tu, si ya kumuumiza. Kama munaruhusu mateke, teke ya kusukuma ku tumbo, na nyayo yote, inamurudisha mbali bila kumukasirisha.

Akikufikia, mushike. Weka mikono yako ndani ya mikono yake, funga juu ya viwiko, paji ya uso yako ku bega yake, kichwa ikae karibu kabisa. Ukiwa pale uko salama kuliko ku umbali ya mukono yake, na tena uko karibu na sikio yake, unaweza kusema pole pole "30, ndugu yangu, 30" bila watu wengine kusikia. Hiyo kusema mu sikio inaokoa raundi mingi juu hakuna mwenye anapata haya.

Kidevu chini, meno yafungwe juu ya kinga, macho ku kifua yake. Usigeuze mugongo hata siku moja, na usifunge macho.

Na umungojee achoke. Mutu mwenye anapiga na nguvu yote hana pumzi ya dakika tatu, na Goma iko karibu metre 1500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mugeni mwenye ametoka Kinshasa wiki hii atakufia mu mikono ku dakika ya pili.

Kwa judo na jujitsu:

Gonga mapema, ni kusema umupige na mukono kumuonyesha umeshindwa, aachie. Gonga mbele ya maumivu, ku mwili yake si ku tatami, juu mutu mwenye iko mu hasira hasikie kelele ya chini lakini anasikia mukono ku mugongo yake. Gonga mara mbili, tatu, na useme na mudomo tena, "nimegonga!" ao "maita!" (nimeshindwa). Mikono yote ikifungwa, tumia muguu ao sauti.

Kama anakutupa na nguvu, enda na mutupo, usipinge ku sekunde ya mwisho na usinyooshe mukono kutafuta chini, hapo njo kiwiko na bega zinatoka. Kama kuanguka kwako bado haiko sawa, kataa mitupo kabisa wiki hiyo, ufanye kazi ya chini tu.

Ukatae na mudomo wazi vitu hivi na mutu mwenye hana kipimo: kufunga kisigino na kuzungusha goti, kurukia mutu kiunoni, na ile mutupo ya mikasi, kani basami. Hiyo ya mwisho ilivunja mufupa wa muguu wa Yasuhiro Yamashita mu mashindano ya Japani 1980, na yeye alikuwa mwanajudo mukubwa kuliko wote wa wakati ule, leo imekatazwa mu mashindano ya judo. Kama iliweza kuvunja yeye, wenye mukaba ya kijani tuwe na akili.

6. Mara ya pili hasikie: simamisha raundi

Umesema mara moja, umemushika na kusema mu sikio, na bado anakuya. Sasa simamisha. Rudi nyuma, inua mikono yote miwili, sema ile neno ya kusimamisha, gusa ganti yake, useme "aksanti, kwangu imetosha leo", utoke. Usitoke ukiwa bado ku umbali ya mukono yake na ganti chini. Toka ukimuangalia mupaka uko mbali.

Wengine wanapata haya kusimamisha ku katikati ya raundi. Mujue hii: mu 1974, pambano ya Muhammad Ali na George Foreman kule Kinshasa ilikuwa ipigwe tarehe 25 Septemba, ikasukumwa mupaka 30 Oktoba juu Foreman alipasuka juu ya jicho mu sparingi, kiwiko ya mwenzake wa mazoezi ilimugusa. Bingwa wa dunia, na walimu na vifaa vyote, mazoezi moja ilisimamisha inchi muzima karibu wiki tano. Weye uko na kazi kesho asubui, uko na masomo, labda uko na watoto wanangojea chakula. Toka.

7. Ongea naye pembeni, siku hiyohiyo

Musipeane mugongo. Ngojea wote mupumue, mukunywe maji, kisha umufikie peke yake, mbali na wengine. Sema kitu chenye umeona, si vile unamuwaza: "Yaya, ku raundi ya pili ulinipiga kroshe tatu, ngumi za pembeni, za nguvu ku kichwa nyuma ya mi kusema shusha. Kichwa inaniuma. Napenda kufanya kazi na weye, lakini si hivyo." Kisha unyamaze, umuachie nafasi.

Jibu yake itakuonyesha ni mutu wa namna gani:

Kama anashangaa na kuomba musamaha, ni mutu wa nguvu mwenye hajue uzito yake, ao mupya mwenye anapiga juu ya woga. Wapya njo wengi kabisa. Huyo umusaidie, umupe raundi za ngumi moja tu, ya kushoto peke yake, ao za kupokezana, moja anashambulia mwengine anajikinga. Mu mwezi moja anakuwa mwenzako muzuri kuliko wote.

Kama anasema "bokse ni bokse, kama unaogopa enda kucheza mupira", anaamini kweli kama nguvu njo mazoezi. Unaweza kumuambia vile wenye kupigana mingi wanafanya: wapiganaji wa Thailand wenye wanapanda ulingo mara nyingi ku mwaka, sparingi yao ni ya kuguswa tu, juu wanalinda mwili kwa pambano. Na Max Holloway wa UFC, mashindano kubwa ya kupigana ya Amerika, alikuwa amesema haifanye tena sparingi mu maandalizi yake, kisha Januari 2021 akamupiga Calvin Kattar mapigo 445 ya kuhesabiwa mu raundi tano. Pengine atasikia, pengine hapana, umefanya yako.

Kama anacheka, ao anasema palepale "raundi ingine nitakuonyesha", usipoteze maneno. Huyo anatafuta mutu wa kupiga. Enda hatua ya 8.

8. Muambie mwalimu

Wengi wanaona hiyo ni kusengenya. Kulinda watu mu sale ni kazi ya mwalimu, na mara mingi hakuona juu alikuwa na watoto ku upande mwengine. Umufikie nyuma ya mazoezi, na heshima, useme kifupi: nani, siku gani, nini ilifanyika, ulisema mara ngapi. Kisha umuombe kitu moja ya wazi: "Mwalimu, naomba usinipange naye mupaka kontroli yake ikuwe sawa", ao "naomba ukae pembeni yetu raundi ya kwanza".

Kama muko wawili ao watatu wenye mumepigwa, muende pamoja. Mutu moja anaonekana mulalamishi, watatu wanaonekana shida ya klabu.

9. Kataa

Akikuita: "Hapana, leo nafanya kazi na mwengine, aksanti." Hauna deni ya sababu. Akirudia, rudia neno ileile, usiongeze. Hii ni hatua fupi mu mwongozo na ni ngumu kuliko zote, juu watu wataangalia, lakini kadiri unaifanya na sauti ya kawaida ndivyo inapita haraka.

Kama umekwisha kupigwa ku kichwa

Hapa sitafupisha, juu njo fasi yenye watu wanakufia bure.

Usirudi mu raundi siku hiyo kama umeona nyota, masikio yanalia, umesahau hata sekunde chache, miguu imekuwa laini, unasikia kizunguzungu ao kichefuchefu, mwangaza inakuumiza. Haina lazima uwe ulizimia, watu wengi wenye ubongo umetikisika hawazimie hata kidogo. Pigo ya pili mbele ubongo haujapona, hata ndogo, inaweza kuvimbisha ubongo na kuua, zaidi kwa vijana.

Usipande pikipiki weye mwenyewe kurudi nyumbani, na usirudi peke yako. Mutu akae na weye ile usiku. Kwa maumivu kunywa parasetamoli, uache aspirini na ibuprofeni siku za kwanza juu zinaweza kuongeza kutoka damu. Hakuna pombe.

Enda hospitali palepale, usiku ao muchana, kama: unatapika na kurudia, kichwa inazidi kuuma, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko ingine, unasema sawa mulevi, mukono ao muguu unakosa nguvu, degedege, usingizi yenye watu hawawezi kukuamusha, ao maji ao damu inatoka mu sikio ao mu pua bila pua kupigwa.

Kama hakuna hiyo, pumuzika siku moja ao mbili, kisha kutembea, kisha mazoezi mepesi bila mutu, na kila mara dalili ikirudi unashuka hatua moja. Sparingi inarudi ya mwisho, nyuma ya dalili zote kuisha na munganga kukubali. Mwenzako akikuambia "mi nilipigwa hivyo nikarudi kesho yake", musalimie, uende zako.

Makosa yenye naona kila mara

Kumurudishia na nguvu "ili ajifunze". Hajifunze. Anaelewa kama umekubali vita, na kama ni muzito kuliko weye utalipa. Hata ukimushinda leo, sasa uko na adui mu klabu na raundi zote zenye zinakuya ni za kulipiza.

Kuingia naye ukiwa na hasira ya kazini, ao umelala masaa matatu, ao bado kichwa inauma ya wiki ilipita.

Kunyamaza miezi, kisha kulipuka siku moja mbele ya kila mutu. Mwalimu atakuona weye njo shida.

Kuenda kuita rafiki yako mukubwa akuye kumupiga. Hiyo inatoka mu mazoezi na kuingia mu mambo ya barabara, na mambo ya barabara huku kwetu inajua kuisha vibaya.

Shida zenye zinatokea na namna ya kuzipanga

*Mwenye anapiga ni mwalimu mwenyewe.* Muambie peke yake, na heshima yote: "Mwalimu, ku kichwa naomba ushushe, bado sijafikia ile nivo." Mwalimu wa kweli atashusha palepale. Kama anakujibu kama ni mutihani ya uanaume, ao anapiga zaidi wale wenye wanauliza maswali, badirisha klabu. Hiyo haitageuka, hata ungojee miaka.

*Mi ni dada, wanaume wanaona haya kupigwa na mi, wanaongeza.* Hii inatokea sana: umemugusa vizuri mara mbili, wenzake wamecheka, raundi ya tatu anakuya na kila kitu. Mbele ya raundi umuambie "nikikugusa, utabakia ku 30?", mbele ya mutu wa tatu. Omba mwalimu akupange na wenye mukaba ya juu, juu wenye ujuzi wanapata haya kidogo. Na kama mu kushikana chini mutu anatumia nafasi kukugusa vibaya, hiyo haihusu sparingi tena: simamisha, sema na sauti ya kusikilika, umupeleke kwa mwalimu na mutu mwengine akiwepo, na wazazi kama uko mudogo.

*Anapiga mi tu, na wengine iko pole.* Uliza wenye wanafanya naye kazi wanaona nini kwako. Pengine unaingia mbio bila kujua. Kama hapana, basi kuna jambo kati yenu, na mukubwa wa klabu awaketishe.

*Wananiita muoga.* Endelea kukuya. Endelea kufanya raundi na wengine, kila mazoezi, uonekane unafanya kazi. Hilo jina linaisha lenyewe mu wiki chache, juu muoga hakuye kila jioni.

*Klabu ni moja tu mu kartie yangu na yeye iko kila siku.* Badirisha saa kama kuna vikundi viwili. Ao fika, fanya mbinu, mufuko, kamba, na raundi na watu wawili watatu wenye umechagua, ukose sparingi ya wote na wote. Mazoezi bila sparingi ya nguvu bado ni mazoezi, unaweza kukua nayo mwaka muzima.

*Mutoto wangu anarudi na kichwa inauma.* Enda ukae pembeni mazoezi moja yote. Mutoto na mutoto ya kilo karibu sawa, kichwa haipigwe, mwalimu anasimamisha mara kwa mara. Kama hauone hiyo, umutoe, hata kama yeye analia anataka kubakia.

*Watu wanasema mi njo ninapiga na nguvu.* Aksanti juu umeuliza. Fanya raundi zako ukihesabu pumzi, toa hewa kila ngumi, mukono ubakie wazi ndani ya ganti mupaka karibu ya kugusa, na ku kichwa simamisha ngumi pale ngozi inaanzia. Kila nyuma ya raundi muulize mwenzako "ilikuwa ngapi ku 100?" Akisema 50 na mulipatana 30, raundi ingine ufanye na mukono wa kushoto peke yake.